Siku Fundi Cheche Alipokwenda Kupimwa Kifua

Kilichomkosesha raha Mama Viti asubuhi ile hakikuwa kelele. Kelele alizizoea, aliolewa nazo. Kilikuwa ni kimya, na kimya chenyewe kilitoka upande wa kulia wa gereji, kwenye meza ya kuchomelea vyuma, mahali ambapo siku zote hukaa Fundi Cheche na kikohozi chake.

Wako watu wakiondoka mahali huacha harufu, wengine huacha maneno. Cheche huacha pengo la kikohozi. "Khu-khu!" Kavu, kifupi, kama mtu anayebisha mlango wa mpangaji asiyetaka kufungua. Mama Viti, aliyekuwa akishona viti vya magari kwenye cherehani yake palepale gerejini, kikohozi kile kilimkera kuliko mbu. Alimpa Cheche tangawizi. Alimpa asali na ndimu. Alimfukiza kwa majani hadi macho yakamvimba. Cheche alikunywa kila kitu, akashukuru, akalamba na kijiko. Lakini mume wake Mama Viti akifungua giaboksi ya mtu, haipiti saa, khu-khu!

"Shemeji, hicho kifua kitakuua," Mama Viti alimwambia.

"Hakiui, shemeji. Kinaokoa."

Alidhani ni mzaha. Cheche ni mtu ukimuuliza saa ngapi anakujibu ni mwaka gani.

Basi wiki iliyopita Mama Viti akamlazimisha kwenda hospitali kuandikishwa, naye akapewa siku ya kupigwa picha ya kifua. Siku ndiyo hiyo. Cheche alishika nguzo ya geti kama mbuzi aliyekwisha kuona kisu.

"Si leo, shemeji. Leo Sikio anafunga giaboksi ya mkwe wenu."

"Kwani inafungwa kwa kifua chako? Nenda!"

"Basi mwambie asifunge mpaka nirudi. Neno langu ni hilo tu."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alichukulia ni ujanja wa mwanamume anayeogopa sindano, na hakuna mwanamume asiyeogopa sindano, wamezidiana tu kujikaza. Alimtazama akienda, akigeuka nyuma kila hatua kama aliyesahau kitu jikoni, mpaka kona ikammeza.

Sikio ndilo jina walilompa mumewe, na alilipata kwa haki. Tangu ujana, gari ya otomatiki ikipita barabarani yeye huinamisha kichwa na kusema, "Hiyo gia ya tatu inaumwa." Na kweli, gari ile haimalizi mwezi. Mafundi wengine walikuwa na mashine za kupimia. Yeye alikuwa na kichwa chake. Watu walileta magari ya zamani kutoka mbali, yale ambayo vipuri vyake hutafutwa kama dawa ya mapenzi, nao walikaa kwenye benchi wakisubiri Sikio asikilize.

Gari la siku hiyo lilikuwa vani la mkwe wao. Lilikuwa jeupe zamani, sasa lina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mkwe alipata kazi upande wa pili wa mlima, na mchana ule alikuwa anahama na mkewe, yaani Kitinda, mziwanda wa Sikio na Mama Viti, mwenye mimba iliyokwisha kumtangulia mbele kama askari. Kitanda kilishapakiwa. Kabati lilishapakiwa. Hata nepi za mtoto ambaye hajazaliwa zilishapakiwa. Kilichobaki ni giaboksi.

Ugonjwa wa vani ulikuwa huu: kwenye tambarare linakwenda vizuri kama bibi harusi. Likianza kupanda, oili ikishapata moto, injini inanguruma kama mlevi anayegombana na ukuta, magurudumu yamelala. Halafu linaanza kurudi nyuma, polepole, kwa adabu. Handibreki lilikuwa nayo, ya mapambo.

"Ndani mna mipira imekauka," Sikio alisema alipolifungua. "Oili inavuja pale inapotakiwa kusukuma. Nitatia mipya."

Akatia. Siku hiyo ilibaki kupima tu, kisha kufunga.

Mkwe alifika asubuhi kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimwamkia mama mkwe kwa mbali, ameinamisha macho, kama mkwe aliyelelewa.

"Umechelewa, baba," Mama Viti alimwambia.

"Nilikwenda kuulizia njia, mama. Barabara ya mlimani imefungwa tangu alfajiri. Kuna gari limeshuka kinyumenyume kwenye ile kona ya juu, bonde likaenda nalo. Wanasema lami yote imejaa udongo mweusi, wanauzoa kwa makoleo. Utadhani shamba limeanguka kutoka mbinguni."

"Salama lakini?"

"Sikusikia. Wamesema mchana itafunguliwa."

"Haya, Mungu ni mwema," Mama Viti akasema, akaendelea kushona. Uzi ukakatika. Akautunga tena, ukakatika tena.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja tu, nayo haikuandikwa popote. Sikio akishika bomba la upepo, kila mtu ananyamaza. Redio inazimwa. Nyundo inashushwa. Cherehani inasimama katikati ya mshono. Hata mteja mwenye simu hutoka nje, na akisahau, Cheche humtoa kwa mkono.

Sikio akaweka ngoma ya kwanza mezani. Ni pipa dogo la chuma, mkono mmoja unalibeba, na ndani yake mna pistoni inayosukuma sahani za klachi zikabanana. Ikiwa kwenye gari, kinachosukuma ni oili. Mezani, fundi husukuma kwa upepo. Anaweka mdomo wa bomba kwenye tundu, anaachia kidogo, anasikiliza. Ngoma nzima hujibu neno moja, "dap!", kisha kimya. Yenye kuvuja hujibu "dap!", kisha huendelea kusema chini chini, kama mke aliyeambiwa anyamaze.

"Dap!" ikajibu ya kwanza. Kimya.

Sikio akatikisa kichwa kukubali, akaiweka pembeni, akachukua ya pili. Hii ndiyo yenyewe, ngoma ya kwenda mbele, inayobeba gari lote mlimani. Akaweka mdomo wa bomba. Akaachia.

"Dap!"

Na nyuma ya "dap", Mama Viti akasikia: sssss. Sauti nyembamba, kama nyoka aliye chini ya mkeka, hana haraka, anajua utaamka.

Akamtazama mumewe. Sikio alikuwa ameinamisha kichwa vilevile kama siku zote, jicho moja amelifumba. Halafu akafanya jambo ambalo Mama Viti lazima alikuwa ameliona mara nyingi bila kuliona. Aliinua macho, akatazama meza ya kuchomelea. Kinyago cha Cheche kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari, kinamtazama kwa lile dirisha lake jeusi. Sikio akakitazama kinyago. Akasubiri. Upepo bado unavuja, sssss, naye anasubiri, shingo ameinyoosha kama mtu anayemngoja mgeni kituoni.

Hakikuja kitu.

"Safi," akasema Sikio, akaweka bomba chini.

Mama Viti naye akakitazama kinyago. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakusema kikohozi chenyewe kinaweza kuficha nini.

Akakumbuka birika jikoni, lile la kupiga mluzi, lililokausha maji hadi kitako kikawa chekundu, na mume amekaa mbele yake anasoma gazeti. Akakumbuka simu iliyolia mfukoni mwake mwenyewe na yeye akasema, "Leo hakuna aliyenitafuta." Sauti nene anasikia. Nyundo anasikia, "dap" anasikia. Sauti nyembamba ndizo zilizomhama, moja moja, kama wapangaji wanaotoroka usiku, na yeye akaona aibu kutangaza kwamba nyumba ni tupu. Fundi anayeitwa Sikio atamwambia nani? Hata Cheche hakumwambia. Cheche aligundua mwenyewe, akakohoa. Rafiki akatazama, akaelewa, wakaendelea hivyo bila neno hata moja, wazee wawili na siri yao. Na yeye, Mama Viti, mwanamke anayejua mimba ya jirani kabla jirani hajajua, alikaa katikati yao akichemsha tangawizi.

Akakohoa.

"Khu-khu!"

Hakukusudia kitu kingine. Ilitoka tu, na ilitoka mbaya, kama ya mtu aliyepaliwa na ugali. Sikio akageuka ghafla, akatazama kwanza kwenye meza ya kuchomelea, kisha kwake. Wakatazamana. Mama Viti akaona uso wa mumewe ukifunguka kwa hofu, halafu ukifungwa.

"Kunywa maji, mama watoto," akasema Sikio.

"Mama naye ameambukizwa," akasema mkwe, akacheka kidogo kwa adabu.

"Khu-khu!" Mama Viti akarudia.

Sikio akageuza mgongo. Akaanza kupanga vipande kwenye giaboksi, mikono yake myepesi, isiyo na kosa, kama ya mtu anayepakua chakula nyumbani kwake. Na ile ngoma ilikuwa inafuata kuingia.

Wakati huohuo Kitinda akaingia getini, mkono kiunoni, tumbo mbele, ameshika mto wa kuegemea safarini.

"Baba, bado tu? Mjukuu wako ananipiga mateke, anataka kwenda."

"Tayari, mwanangu. Jioni mtakunywa chai huko."

"Na handibreki umetazama?"

"Mwenye giaboksi nzima handibreki ya nini?"

Watoto wa Sikio walikua wakiamini neno la baba yao kama watoto wengine wanavyoamini kwamba kesho kutakucha. Kitinda akajitupa kwenye benchi, akavua viatu.

Sikio halipiti kichwa, ndivyo Mama Viti alivyofunzwa na mama yake, naye akawafunza wanawe. Mke hamvui mumewe nguo mbele ya mkwe. Kumwambia "husikii" mbele ya kijana yule, mbele ya mwanawe, ni kumwambia umekwisha, na wanaume wakiambiwa wamekwisha, wengine hukubali wakafa kweli. Angeweza kungoja. Angeweza kusema tumbo linamuuma, wasiondoke leo. Lakini gari likishafungwa limefungwa, na kesho mlima uko palepale.

Akatazama miguu ya Kitinda isiyo na viatu. Ilikuwa imevimba, na vidole vinachezacheza peke yake kama alivyokuwa akifanya utotoni akiogeshwa.

Mama Viti akainuka. Akachukua beseni lake la kufulia vitambaa, akalipangusa kwa upindo wa khanga, akamimina humo oili mpya, nyekundu, hadi nusu. Akalibeba kwa mikono miwili, akalitua mezani mbele ya mumewe. Oili ikatikisika, ikatulia.

"Tia humu," akasema, kwa sauti nene kadiri alivyoweza, ili asikie.

"Nini?"

"Hiyo ngoma. Itie humu uipulizie."

Mkwe akainua macho, akasahau adabu ya kuyainamisha. Sikio akacheka, kicheko kikavu.

"Beseni ni la kuogeshea watoto, mke wangu. Mimi sijapima kwenye beseni tangu nizaliwe."

"Basi nataka kumwogesha mwanangu humu leo," akasema Mama Viti, "kuliko kuja kumwosha kesho."

Kitinda aliacha kuchezesha vidole. Nje gari ilipita, hakuna aliyeigeuzia kichwa, hata Sikio.

Sikio akaigeuza ngoma mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesomewa hukumu kwa lugha anayoijua nusu. Kisha akaishusha ngoma ndani ya beseni kama anayemlaza mgonjwa. Akachukua bomba. Mkono uliokuwa haujui kukosa ukakosa tundu, ukalitafuta, ukalipata.

"Dap!"

Povu likapanda. Kwanza moja, kama jicho. Kisha mengi, mfululizo, upande mmoja wa pistoni, yakichemka kwenye ile oili nyekundu, na safari hii Sikio aliyaona. Aliendelea kuachia upepo. Hakuna aliyemwambia aache. Aliyatazama hadi beseni zima likachafuka, na Mama Viti akaona kwamba hatazami povu tena, anatazama nyuma yake, mbali.

Akaifungua ngoma. Mpira mpya ulikuwa umejikunja ukingoni wakati wa kuupachika, ukakatika kidogo kama ukucha wa mtoto. Hiyo tu.

"Ningeusikia," akasema Sikio polepole. "Zamani ningeusikia."

"Baba, ni kampira tu," mkwe akasema. "Tubadilishe twende."

"Hamwendi leo."

Alibadilisha hata hivyo. Alipachika mpira mwingine, akaupaka oili, akauzungushia kidole kwa upole, akairudisha ngoma kwenye beseni. Dap, na oili ikabaki imelala. Akapima nyingine zote humohumo, moja baada ya nyingine, na ile ya kwanza akaipima tena, na tena. Kitinda alikuwa amesogea, amemshika mama yake mkono. Alikuwa ameelewa ni hatari gani iliyompita, nayo ilikuwa bado inampita.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Cheche alipoingia mbio, bahasha kubwa ya hospitali kwapani, jasho linamtiririka.

"Amefunga?" akapiga kelele kutoka getini. "Shemeji, amefunga?"

Kisha akaona beseni. Akaona povu lililokauka ukingoni, na uso wa rafiki yake. Akasimama. Akaiweka bahasha mezani taratibu, akavua kofia.

"Daktari amesemaje?" Mama Viti akauliza, maana lazima mtu aseme kitu.

"Kifua changu kizima kama ngoma mpya. Ameniuliza, mzee, kikohozi chenyewe kiko wapi? Nikamwambia kimebaki kazini."

Mama Viti akataka kucheka, akashindwa. "Ungeniambia, Cheche."

"Siri si yangu, shemeji. Mimi niliazimwa tu."

Sikio alikuwa akiwatazama midomo, mmoja hadi mwingine. Sasa hakujificha tena. Aliinua mkono kama anayesimamisha gari.

"Wiki iliyopita," akasema. "Siku uliyokwenda kuandikishwa. Hukuwepo."

"Sikuwepo," akasema Cheche.

"Nilifunga giaboksi siku ile."

Mama Viti ndiye aliyejua ni ipi, maana viti vyake alivishona yeye kwa uzi wa manjano. Lilikuwa vani la kijani, kuukuu kuliko hili, la Bibi Miche, yule muuza miche ya miti na maua, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Alikaa kwenye benchi hii hii siku ile, akamtania Mama Viti kwamba angekuwa kijana angemwibia mume. Akasema akipata oda kubwa atapandisha mzigo mlimani: miche, mbolea, na magunia ya udongo.

Udongo wake huwa mweusi. Huusifia. Husema ukiutia mdomoni utaota.

Mama Viti akamtazama mkwe. Mkwe alikuwa ameshafika alikofika yeye, maana aliinua mkono akajishika kichwa.

"Baba," akanong'ona, "mimi nilisema udongo tu. Sikusema gari la nani."

Sikio hakuyasikia, ila aliona mkono kichwani. "Mpigie," akamwambia mkewe. "Mpigie Bibi Miche."

Mama Viti akatoa simu kwenye pindo la khanga. Vidole vilikuwa na oili, kioo kikateleza, ikabidi Kitinda ambonyezee. Akaiweka sikioni. Wote wakanyamaza, bila kuambiwa, kama sheria ya gereji inavyotaka.

"Inaita?" Sikio akauliza, macho kwenye midomo yake.

Akatikisa kichwa kukubali. Inaita. Iliita hadi akadhani itakatika. Cheche alikuwa amemsogelea, sikio lake karibu na lake, anasikiliza naye.

Simu ikapokelewa. Haikuwa sauti ya Bibi Miche. Ilikuwa sauti ya mwanamume, mtulivu, wa kazi, na nyuma yake makoleo yakikwangua lami.

"Halo," ikasema. "Wewe ni nani wa mwenye simu hii?"

Mama Viti akafungua mdomo. Akaufumba tena, akaishusha simu.

"Anasemaje?" akauliza Sikio. "Mama watoto, anasemaje? Ni mzima?"

Akamgeukia rafiki yake, kama alivyokuwa akimgeukia siku zote, shingo ameinyoosha, akisubiri.

Cheche, mwenye kifua kizima, akakohoa.